Msiri Mwenye Maneno Mengi

Riwaya ya Jane Eyre ina sura 38, na mwanamume anayewakosesha wasomaji usingizi haonekani mpaka sura ya 12. Kabla yake tunakaa na mtoto yatima anayefungiwa katika chumba chekundu na mke wa mjomba wake. Tunapelekwa naye shule ya Lowood, ambako uji huja umeungua na wasichana hufa kwa homa. Tunamwona akilala huku amemkumbatia rafiki yake Helen, na asubuhi rafiki huyo ni maiti. Inapita miaka minane shuleni hapo, ndipo binti wa miaka 18 anapopanda gari la farasi kwenda kumfundisha mtoto mmoja katika jumba asilolijua. Mhariri wa leo angeifyeka sehemu hiyo yote. Angemwambia mwandishi amlete huyo bwana upesi, ikiwezekana ukurasa wa kwanza, na bastola kiunoni.

Charlotte Brontë hakuwa na haraka, na anayekisoma kitabu hiki mara ya pili au ya tatu huona sababu yake. Riwaya ndefu ya mapenzi yenye giza, ile ambayo mwanamume wake ni tajiri, mkali, amejifungia moyo na huenda ni hatari kwelikweli, hubebwa na jicho linalomtazama mwanamume huyo. Jicho likiwa bovu, hatari yake hugeuka kuwa mbwembwe. Sura 11 za mwanzo zinalinoa jicho hilo. Jane amekwisha kuonja ukatili wa makofi kutoka kwa binamu yake John Reed. Amekwisha kuona ukatili unaokuja na mahubiri mdomoni mwa Bwana Brocklehurst, mdhamini wa shule. Ameuona upole wa Helen Burns, unaopokea kila kipigo na kusamehe, akaupenda na bado akashindwa kuufuata. Msichana wa namna hiyo akitwambia kwamba bwana fulani anamvutia, tunatega sikio, kwa kuwa tunajua habahatishi.

Ufundi huu ulichukua muda kukomaa. Mwaka 1826 Patrick Brontë, kasisi wa kijiji cha Haworth katika jimbo la Yorkshire, alirudi nyumbani na boksi la askari wa mbao kwa ajili ya mwanawe Branwell. Watoto wakagawana askari, kila mmoja akampa wake jina, na mchezo ukazaa nchi nzima za kubuni. Charlotte na Branwell wakaunda ufalme wa Angria, wakaandika habari zake katika vijitabu vyenye herufi ndogo mno. Mtawala wa huko aliitwa Zamorna, mzuri wa sura, mwingi wa wanawake, katili, mwenye ulimi wa asali, na damu yake ilitoka katika mashairi ya Lord Byron. Charlotte aliishi na mtu huyo kwa miaka mingi ya ujana wake. Alipokuwa na miaka kama 23 akaandika kwamba anataka kuiacha kwa muda nchi ile ya joto kali, aende penye alfajiri ya kijivu na baridi. Kila anayeandika riwaya za aina hii huanza na Zamorna wake, na wengi huishia hapohapo.

Agosti 1846 alimpeleka baba yake Manchester kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulifanywa bila dawa ya usingizi, kisha mgonjwa akalazwa kwenye chumba cha giza huku binti yake akimuuguza. Siku ileile ya upasuaji Charlotte alirudishiwa muswada wa riwaya yake ya kwanza, umekataliwa na mchapishaji mwingine tena. Ni katika nyumba hiyo ya kupanga, baba akiwa gizani chumba cha pili, alipoanza kuandika Jane Eyre. Atakayefika mwisho wa kitabu atajua kwamba mwandishi alikwisha kumwona kwa macho yake mtu mwenye nguvu anayengoja kuongozwa kwa mkono.

Mwandishi mwenzake, Harriet Martineau, aliyemfahamu, ameeleza jinsi Charlotte alivyoandika katika vidaftari vya mraba alivyovisogeza karibu na macho kwa sababu ya uoni wake hafifu, na kwamba hadithi ilipofika Thornfield, jumba la Bwana Rochester, hakuweza tena kuiacha. Aliandika wiki tatu mfululizo mpaka akamtoa Jane katika jumba lile, na kufikia hapo mwenyewe alikuwa ameshikwa na homa. Kitabu kilitoka London mwezi Oktoba 1847 kwa jina la kubuni la Currer Bell, katika majuzuu matatu. Na hebu tazama majuzuu hayo yalivyokatwa. La kwanza linafungwa usiku kitanda cha Rochester kinapowaka moto. La pili linafungwa siku ndoa inapovunjikia kanisani. Wasomaji wengi wa zama zile waliazima vitabu juzuu kwa juzuu kwenye maktaba za kulipia. Mtu aliyefunga juzuu la kwanza usiku na la pili liko kwa jirani aliyeliazima kabla yake, bila shaka alijua maana ya kungoja.

Sasa tumwangalie bwana mwenyewe anavyoingia. Ni Januari, jioni, njia imeganda barafu. Jane amejitolea kupeleka barua posta katika kijiji cha Hay. Anasikia kwato, na akilini zinamjia hadithi za mzuka wa kaskazini mwa Uingereza unaotembea kwa umbo la mnyama na kuwavizia wasafiri wa usiku. Kwanza linapita jibwa kubwa, na kwa nukta moja mzuka unakuwa kweli. Kisha anakuja farasi, juu yake yupo mtu, na mzuka unayeyuka, kwa kuwa mizuka haibebi watu. Hapo farasi anateleza na mpandaji anaanguka chini.

Mwandishi wa kawaida humpandisha mwanamume hatari jukwaani akiwa juu ya kila mtu. Brontë amempandisha, akamwangusha, akamteguza kifundo cha mguu. Si mzuri wa sura wala si kijana, na Jane anasema wazi kwamba angekuwa kijana mtanashati asingethubutu kusimama kumuuliza kama ameumia. Ukali wa uso wake ndio unaompa Jane ujasiri. Mtu huyo anaegemea bega la msichana, anachechemea hadi kwa farasi, anapanda, anaondoka. Katikati anamuuliza anakaa wapi, jumba lile ni la nani, na kama anamjua huyo Bwana Rochester. Jane anajibu kwamba hajawahi kumwona. Naye hajitambulishi. Jane anapeleka barua, anarudi nyumbani, analikuta jibwa lilelile limejilaza mbele ya moto, na hapo ndipo anapojua aliyekuwa akizungumza naye ni tajiri yake.

Katika kurasa chache hizo tumepewa tabia nzima ya mtu huyu. Anauliza maswali ambayo majibu yake anayajua. Anapenda kuona bila kuonekana. Na wakati huohuo anamhitaji mtu wa kumwegemea.

Waandishi wengi wanaomwiga Rochester hawajakisoma vizuri kipengele kinachofuata. Wao huamini kwamba mtu msiri ni mtu bubu. Wanampa kimya, taya lililokazwa, jibu la neno moja, wakidhani hiyo ndiyo siri. Rochester haachi kuongea. Jioni akishakula anamwita mwalimu wa mtoto, anamkalisha karibu na moto, anaanza. Anachambua picha za rangi alizochora Jane. Anamuuliza kama anamwona yeye Rochester kuwa mzuri, na Jane, kabla hajapata nafasi ya kulifunika jibu kwa adabu, anasema hapana. Nje bustanini anamsimulia habari za mcheza dansi wa Paris, Céline Varens, aliyempenda na kumfumania, na jinsi alivyompiga risasi ya mkono mpenzi wa yule mwanamke. Kwa bwana wa Uingereza ya wakati huo kumwambia hayo mfanyakazi wa pauni 30 kwa mwaka, binti wa miaka 18, ni ajabu kubwa. Jane anaona kama amefunuliwa moyo.

Kumbe anafunuliwa dhambi ndogo ili asiulizie kubwa. Maungamo ni ukuta wa Rochester. Tena anatuonyesha mahali ufa ulipo, kwa kuwa katikati ya simulizi la Paris ananyamaza ghafla, anaukazia macho ukingo wa paa la nyumba yake kwa uso wa chuki, kisha anaendelea na habari za Céline kama hakuna kilichotokea. Anayesoma mara ya kwanza hupita hapo akikimbilia Paris. Anayesoma mara ya pili husimama, kwa kuwa sasa anajua ni nani anayekaa juu kule.

Siri yenyewe ni kwamba ghorofa ya tatu amefungiwa mke wake wa halali, Bertha Mason, mgonjwa wa akili, akilindwa na mtumishi aitwaye Grace Poole. Brontë anailinda siri hii kama mchezaji hodari wa bao anavyoilinda nyumba: kete zote ziko wazi mbele ya macho ya watu, lakini hasafiri nazo mpaka saa yake. Kicheko cha ajabu tunakisikia sura ya 11, kabla mwenye jumba hajarudi, na papo hapo tunaambiwa ni cha Grace. Kitanda kinawashwa moto, na Rochester anamwachia Jane aamini kwamba ni kazi ya Grace. Jibu la uongo linatosheleza kila mara, lakini linabakiza swali dogo pembeni: kwa nini mtumishi mwenye hatia ya namna hiyo hafukuzwi? Jane analiuliza, nasi pamoja naye. Mwandishi hajatudanganya. Ametupa habari kama Jane alivyozipata, kwa mpangilio uleule.

Ujasiri wake unafika mbali zaidi. Wageni wa kitajiri wanapojaa nyumbani, wanacheza mchezo wa kuigiza mafumbo bila maneno. Onyesho la kwanza ni harusi, la pili ni kisima, la tatu ni mfungwa mwenye minyororo mikononi. Kwa Kiingereza bibi harusi na kisima vikiunganishwa hutoa jina la gereza la kale la London, na watazamaji wanashangilia kwa kulifumbua. Anayeigiza bwana harusi ni Rochester. Anayeigiza mfungwa ni Rochester. Ameisimamisha siri yake sebuleni mbele ya watu, harusi iliyozaa minyororo, wakapiga makofi.

Kisha anafika Bwana Mason kutoka Spanish Town, Jamaica, kaka wa Bertha. Rochester akisikia jina hilo anapauka, anayumba, na Jane anampa bega lake mara ya pili. Yeye mwenyewe anakumbusha kwamba aliwahi kuliegemea. Usiku wa manane Mason anashambuliwa ghorofani, na Jane anaachwa saa nzima au zaidi akimfuta damu, nyuma yake mlango uliofungwa na sauti za kutisha. Rochester kabla ya kwenda kumwita daktari ametoa amri: Mason asimsemeshe Jane, wala Jane asimsemeshe Mason. Chumba kizima kimejaa jibu. Anayelijua yupo, anayelitaka yupo, wamekaa uso kwa uso, na wote wawili wamekatazwa kufungua kinywa. Sijui kama kuna mwandishi aliyewahi kuibana siri kwa ukaribu kiasi hicho bila kuivunja.

Upande mwingine wa kazi hii ni kutokuwepo. Siku iliyofuata ule moto, baada ya kushikwa mkono kwa muda mrefu kuliko shukrani inavyohitaji, Jane anashuka akitarajia kumwona, anaambiwa bwana ameondoka kwenda kukaa na marafiki. Hakuaga wala hakuacha barua. Msomaji anakasirika kama alivyokasirika Jane. Naye anajiadhibu kwa njia yake: anachora picha mbili, ya kwanza yake mwenyewe kwa chaki, bila kuficha kasoro hata moja, ya pili ya mrembo Blanche Ingram juu ya pembe ya ndovu, kwa rangi bora alizo nazo, kutokana na sifa alizosikia tu. Tunajifunza mengi kuhusu mapenzi yake katika uchoraji huo kuliko ambavyo tungejifunza kwa kumsikia akilia.

Katika riwaya hizi urefu ndio chombo cha kazi. Mtu aliyejifunga kwa miaka 15 akifunguka kwa kurasa 40 hatumwamini. Inabidi tuchoke kidogo. Inabidi tuwe na mazoea naye, tujue saa anazopiga kengele kumwita Jane, tujue mzaha wake, tumzoee mbwa wake Pilot, mpaka tuanze kumsamehe bila kuombwa. Hapo ndipo raha inapochanganyika na wasiwasi, kwa kuwa tunahisi kwamba na sisi tumeanza kuvutwa.

Wasomaji wa Kiswahili wana lango lao la kuingilia hapa. Farasi mweusi wa Rochester anaitwa Mesrour, jina la Masrur, mkata vichwa wa Khalifa Harun al-Rashid katika Alfu Lela Ulela. Brontë alizijua hadithi hizo tangu utotoni, na kazi ya Jane mbele ya ule moto wa jioni haiko mbali na ya Shahrazad: kukaa na mwanamume mwenye amri, mwenye kinyongo na wanawake, na kubaki mzima kwa nguvu ya mazungumzo. Tofauti ni kwamba hapa bwana ndiye msimulizi, naye mwanamke anapima kila neno. Wakishachumbiana na Rochester akaanza mizaha ya kumfananisha na wanawake wa kasri la sultani, Jane anamjibu kwamba yeye angeingia humo kuwachochea waliofungwa waasi.

Waandishi wengine wameifunga milango yao kwa namna tofauti. Emily, mdogo wake Charlotte, alitoa Wuthering Heights mwaka huohuo wa 1847. Heathcliff wake anasimuliwa na watu wa nje, mtumishi na mpangaji, anapotea miaka mitatu, anarudi tajiri, na hatuambiwi hata siku moja alikuwa wapi. Daphne du Maurier katika Rebecca ya mwaka 1938 alimpa Maxim de Winter mke kijana asiye na jina, anayeusoma uso wa mumewe kila siku na kuusoma vibaya, akidhani ni majonzi ya mjane kumbe ni hofu ya muuaji. Emily aliutupa ufunguo. Du Maurier alimkabidhi anayejaribu kitasa cha mlango usiohusika. Charlotte alichagua lililo gumu zaidi, kumpa msiri wake ulimi na kumruhusu autumie.

Bado hatujafika kwenye jambo linaloifanya riwaya hii ijitenge na nyingi zilizofuata. Ndoa inapovunjwa na wakili kutoka London, mambo yanakwenda kasi ya kushangaza. Mwandishi aliyetutembeza taratibu sura baada ya sura sasa anatuvutia kanisani, anatutoa, anatupandisha ghorofa ya tatu, anatuonyesha Bertha, anatushusha, yote katika sura moja fupi. Kisha mwendo unarudi kuwa wa polepole, kwa kuwa sura inayofuata ndiyo moyo wa kitabu. Rochester anasema kila kitu. Safari hii hakuna ukuta. Anasihi, analia, anatishia kutumia nguvu. Ana hoja nzuri pia: Jane hana ndugu wa kumwonea haya, ataumia nani wakienda kuishi pamoja Ufaransa?

Na Jane anampenda. Hapo ndipo mwandishi dhaifu angemfanya amchukie, au angemfanya abaki. Brontë anamfanya ampende, amwelewe, amsamehe, halafu aondoke alfajiri. Anauacha mkufu wa lulu aliopewa. Anachukua shilingi 20, ambazo ndizo zote alizo nazo. Mwenye gari anataka 30, anakubali 20 na kumfikisha mahali penye thamani ya fedha hiyo, njia panda nyikani. Siku zinazofuata anaomba uji uliokuwa unamwagiwa nguruwe. Mwandishi amehesabu gharama ya kukataa mpaka senti ya mwisho, hajaipunguza hata kidogo, na kwa hesabu hiyo tunajua kwamba kukataa kule kulikuwa kwa kweli.

Msomaji asiyeipenda theluthi ya mwisho huilalamikia hapa, kwamba Rochester hayupo na mahali pake kuna mchungaji St John Rivers. Mimi naiona ndiyo sehemu iliyosukwa kwa akili kuliko zote. St John ni mzuri wa sura, safi, mwadilifu, hana siri ghorofani. Anamwokoa Jane na njaa, anampa kazi, anamfundisha Kihindustani, kisha anataka kumwoa waende India kueneza dini. Hampigii kelele. Anampa ubaridi wa adabu mpaka Jane anajihisi anakufa taratibu. Baada ya mtu mwenye hasira na uongo, tunakutana na mtu wa kweli tupu, na tunagundua kwamba huyu ndiye aliyekaribia zaidi kummaliza. Brontë alijua kwamba hatari haina sura moja, na kwamba anayekuamuru kwa jina la Mungu ni mgumu kumkatalia kuliko anayekuamuru kwa jina lake mwenyewe.

Jane anaporudi ana pauni 5,000, robo ya urithi wa 20,000 wa ami yake aliyefia Madeira, baada ya kugawana sawa na binamu zake watatu. Thornfield imeungua. Bertha amejirusha kutoka juu ya paa, na Rochester aliyepanda kumwokoa amepoteza mkono mmoja na uwezo wa kuona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa moto umefanya kazi ya kifo. Anampata katika nyumba ya msituni, Ferndean, na sura ya 37 inapoisha mkono wa yule bwana unapita begani kwake, aongozwe nyumbani. Ni bega lile la njia ya Hay, lile la usiku aliofika Mason. Mara tatu katika kitabu kirefu namna hii, na mara hii ya mwisho mwandishi hatugusi kiwiko tuone.

Kusifia ufundi hakutuzuii kuona nani aliulipia. Bertha alitolewa Jamaica, aliolewa pamoja na mali ya pauni 30,000 ya baba yake, akafungiwa miaka kumi, na katika kitabu kizima hapewi sentensi moja ya kwake. Tunamwona kwa macho ya mume aliyemchoka na mwanamke anayeitaka nafasi yake. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, hakulivumilia hilo, na mwaka 1966 akatoa Wide Sargasso Sea, ambamo mke yule anapata utoto, jina la Antoinette, na sauti. Ukizisoma riwaya hizo mbili moja baada ya nyingine, ile ya kwanza haianguki. Inabaki imesimama, ila ghorofa ya tatu sasa ina mtu.

Wapo wanaouliza mtu mwenye akili zake anapata raha gani kukaa kurasa mamia na mwanamume ambaye katika maisha ya kweli angemkimbia. Nadhani jibu limo katika mpangilio wa kazi ya Brontë. Kitabu kinaturuhusu kukaa karibu na hatari kwa muda mrefu, tukishikwa mkono na mwanamke anayeiona sawasawa, anayeweza kusema hapana kwa sauti ya kawaida, na anayelipa gharama ya hapana hiyo. Anayetaka kuandika riwaya ya namna hii asianze na makovu ya mwanamume wala jumba lake. Aanze na mwanamke, amkuze sura 11 kama itabidi, na ahakikishe kwamba siku siri itakapofumuka mfukoni mwake ipo nauli, hata kama ni ya kumfikisha njia panda tu.